Anahema na hawezi kulala chali: kipimo gani kitangulie?

Ulinganisho huu ni wa wanaoshika zamu: daktari, afisa tabibu, muuguzi wa mapokezi ya dharura. Yupo aliye hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na wataalamu karibu naye, na yupo aliye hospitali ya Micheweni, Kivunge au Makunduchi, usiku, na mashine mbili tatu tu. Mgonjwa ni yule yule: pumzi imembana ghafla au kwa siku chache, kakaa kitako kainamia mbele, presha iko juu sana au imeanguka, miguu pengine imevimba, na kifua kinapiga mluzi hadi jamaa zake wanasema ni pumu, ilhali wewe unashuku moyo umeshindwa ghafla kusukuma damu na maji yanajaa mapafuni.

Vipimo vinavyoshindana hapa ni ECG (umeme wa moyo kwenye karatasi), ultrasaundi ya mapafu, picha ya kifua, NT-proBNP (kipimo cha damu cha moyo uliovutwa), troponini (protini ya damuni inayovuja misuli ya moyo ikiumia), eko (ultrasaundi ya moyo) na damu za kawaida. Msimamo wetu tuuseme mapema. ECG na ultrasaundi ya mapafu vitangulie. NT-proBNP ina faida pale utambuzi una utata na jibu linatoka ndani ya saa moja. Picha ya kifua ina kazi yake, ila haistahili kumwondoa kitandani mtu ambaye hajatulia. Wala hakuna kipimo hata kimoja cha kuchelewesha oksijeni kwa mwenye SpO2 (oksijeni ya damu inayosomwa kidoleni) chini ya 90%, au furosemidi, dawa ya kukojoa, ya mshipa kwa ambaye dalili zake ziko wazi: miligramu 20 hadi 40 kwa asiyetumia dawa hiyo, na kwa anayeitumia kila siku, mara 1 hadi 2 ya dozi yake ya vidonge vya siku nzima.

Vipimo visivyo na umeme

Maswali mawili yana uzito kuliko watu wanavyodhani. "Bi mkubwa, usiku unalalia mito mingapi?" Na la pili: unaamka usiku ukikosa pumzi, ukaenda kukaa dirishani au barazani? Jibu la ndiyo kwa hili la pili linasogeza mizani kuelekea moyo. Jibu la hapana haliondoi chochote. Uliza pia dawa ziliachwa lini. Ramadhani wapo wanaoweka kando vidonge vya kukojoa kwa kuogopa kiu ya mchana, na wengine hurudisha dawa ya presha usiku peke yake bila kumuuliza mtu.

Mshipa wa shingo utazame mgonjwa akiwa ameegemea nyuzi 45. Ukionekana umejaa zaidi ya sentimita 3 juu ya pembe ya mfupa wa kidari, shinikizo la upande wa kulia limepanda. Shingo nene, taa hafifu na mtandio uliofungwa vizuri vyote huuficha mshipa huo, kwa hiyo "sikuuona" isiandikwe "haupo".

Kuhusu kipimo cha kidoleni: hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana, lakini piko nyeusi kwenye ncha za vidole inaweza kuzuia mwanga usipite, na mashine ikakaa bila kusoma au ikatoa namba isiyoaminika. Msimu wa harusi na Sikukuu hili si jambo la kubahatisha. Hamishia ndewe ya sikio au kidole kisichopakwa, na usiamini namba kama wimbi la mapigo kwenye kioo halionekani vizuri.

ECG: rahisi, haraka, na hujibu swali jingine

Ipigwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Watu wengi huitarajia iseme "moyo umeshindwa". Haisemi hivyo. Inasema kwa nini umeshindwa: mshtuko wa moyo unaoendelea, mapigo yasiyo na mpangilio yanayokimbia 150 kwa dakika, moyo uliopungua mwendo kwa sababu umeme wake umekatika katikati, ukuta wa kushoto ulionenepa kwa presha ya miaka mingi. Sababu hizo zina matibabu tofauti kabisa, na baadhi hazingoji.

Nguvu yake ya pili iko kwenye kutokuwa na kitu. ECG isiyo na kasoro yoyote ni nadra kwa mwenye moyo ulioshindwa ghafla, kwa hiyo ukiipata safi, rudi nyuma ujiulize kuhusu pumu, nimonia, donge la damu mapafuni au upungufu mkubwa wa damu.

Inapoharibika, huharibika kwa mambo madogo. Jasho huzifanya stika ziteleze: futa ngozi kwa pamba yenye spiriti, kausha, kisha bandika. Mawimbi membamba ya mfululizo kwenye karatasi mara nyingi ni umeme wa ukutani. Chomoa waya, tumia betri ya mashine, sogeza feni na simu. Stika za kifuani V1 na V2 ziko kwenye nafasi ya 4 ya mbavu, kulia na kushoto ya kidari, na mahali panapokosewa zaidi ni kuziweka juu mno, karibu na mtulinga, jambo linaloweza kuzusha picha ya mshtuko wa moyo ambao haupo. V4 ni nafasi ya 5, mstari wa katikati ya mtulinga; kwa mwanamke iwekwe chini ya titi, siyo juu yake. Ikiwa lidi I (mchoro unaotoka kwenye waya za mikono miwili) imepinduka chini yote, kagua kwanza kama waya za mikono zimebadilishana. Mgonjwa asilazwe chali ili tu karatasi itoke nzuri. Mpige akiwa ameegemea na uandike pembeni "ameegemea nyuzi 45". Kasi iwe milimita 25 kwa sekunde, kimo milimita 10 kwa milivolti, vinginevyo vipimo vyote vya karatasini havina maana.

Pazia, mlango kufungwa, na muuguzi wa kike kwa mgonjwa wa kike ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mama anayejishika buibui kwa wasiwasi hukaza misuli, na misuli hiyo huonekana kwenye karatasi.

Ultrasaundi ya mapafu au picha ya kifua?

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, kwa sababu vyote viwili vinajibu swali moja: kuna maji mapafuni?

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Network Open uliviweka pamoja kwa wagonjwa wale wale. Ultrasaundi ilinasa karibu 88% ya wenye moyo ulioshindwa, picha ya kifua karibu 73%. Katika kuwaondoa wasio nao, vyote vilikuwa karibu 90%. Kwa lugha ya zamu, picha safi haikuruhusu kusema "moyo uko sawa". Zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 4 mwenye moyo ulioshindwa ghafla picha yake inaweza kukosa dalili za msongamano.

Ukiongeza mazingira, tofauti inazidi. Picha nzuri ya kifua hupigwa mtu amesimama, mgongo kwa mashine, amevuta pumzi na kuishika. Anayehema hawezi lolote kati ya hayo. Atapigwa ameketi au amelala, mwanga ukitokea mbele, na moyo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ile kanuni ya moyo kuzidi nusu ya upana wa kifua haifai kwenye picha ya namna hiyo. Na kufika huko kuna ukumbi, kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni unaosahaulika na chumba ambacho muuguzi hubaki nje. Wagonjwa huzidiwa kwenye safari hiyo.

Ultrasaundi inafanywa pale pale kitandani, mgonjwa ameketi, kwa dakika 3 hadi 5. Namna ya kufanya:

Chukua proba iliyopinda ya tumbo, au ile ndogo ya moyo. Weka kina sentimita 15 hadi 18. Zima vichujio vinavyosafisha picha, kwa kuwa kitu unachokitafuta ni hitilafu ya mwangwi, na mashine za kisasa zimefundishwa kuifuta. Isimamishe proba kwa urefu wa mwili, upate vivuli viwili vya mbavu na kati yao ule mstari mweupe unaoteleza, yaani utando wa pafu. Kagua sehemu 8: kila upande 2 za mbele na 2 za ubavuni, juu na chini.

Mistari B, ile myeupe ya wima inayoashiria maji, hutoka kwenye utando, hushuka hadi chini ya kioo bila kufifia, na hucheza pamoja na pumzi. Mitatu au zaidi kwenye nafasi moja ya mbavu, sehemu hiyo ni chanya. Sehemu 2 au zaidi chanya kila upande, na mgonjwa ana dalili za kulingana, hapo una maji ya moyo mpaka kitu kingine kithibitike. Malizia chini kabisa ubavuni: giza juu ya kiwambo ni maji nje ya pafu, na ya moyo kwa kawaida huwa pande zote mbili au kulia zaidi.

Ikikudanganya, mara nyingi ni kwa mojawapo ya haya. Mistari B ya upande mmoja tu, utando ukiwa umekatika-katika na kipande cha pafu kinafanana na ini: nimonia. Mistari pande zote lakini utando mnene, wenye mashimo, kwa mtu mwenye kikohozi cha miaka: makovu ya pafu, na kwa aliyewahi kutibiwa kifua kikuu hili lisisahaulike. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu huonyesha picha ile ile, maana ni maji yale yale, chanzo ndicho tofauti. Mwenye kifua kinachopiga mluzi na mapafu yaliyojaa mistari A, ile ya kulala sambamba, bila B hata mbili, apewe dawa ya pumu kwa moyo mkunjufu.

Mistari B hupungua ndani ya saa chache baada ya furosemidi kufanya kazi. Ukipima saa 4 baada ya sindano ukakuta mapafu masafi, hujathibitisha kwamba hayakuwa na maji. Pima kabla ya dozi ya kwanza, au mara tu baada yake kama hali ni mbaya, kisha rudia kuona mwelekeo.

Dosari ya ultrasaundi ni mtu. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani hupendekeza vipimo 25 hadi 50 vinavyokaguliwa kwa kila aina ya matumizi kabla mtu hajaaminiwa peke yake. Mistari B ni miongoni mwa vitu rahisi kujifunza, lakini "rahisi" haina maana ya kuonyeshwa mara moja kwenye semina na kupewa cheti. Na tafadhali, proba isifutwe kwa spiriti kali kama mtengenezaji hakuruhusu. Mpira wa mbele hukauka na kupasuka.

Picha ya kifua basi ipigwe lini? Mgonjwa akishatulia, au pale unaposhuku kifua kikuu, uvimbe, nimonia, au upepo nje ya pafu ambao ultrasaundi imeuacha na shaka. Hapo haina mshindani wa bei yake.

NT-proBNP: kipimo cha kuondoa dhana zaidi ya kuithibitisha

Kipimo hiki hupima kitu kinachotolewa na moyo uliovutwa kupita kiasi. Kwa anayehema ghafla, NT-proBNP chini ya 300 pg/mL huifanya dhana ya moyo kushindwa kuwa dhaifu sana, na kwa BNP, kipimo ndugu yake, mpaka ni 100. Hizi namba mbili hazibadilishani. BNP ya 250 na NT-proBNP ya 250 ni majibu tofauti kabisa, na karatasi za rufaa zinazoandika "BNP" bila kutaja ipi zimeshawachanganya wengi. Angalia na kizio: pg/mL na ng/L ni sawa, lakini mashine inayotoa pmol/L itaandika 35 pale nyingine inapoandika 300.

Kuthibitisha ni kwa umri: zaidi ya 450 kwa aliye chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kwa miaka 50 hadi 75, zaidi ya 1,800 kwa aliyevuka 75. Kwetu ile namba ya kwanza ina kazi kubwa. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika na kuchapishwa 2012, ulikuta wastani wa umri wa miaka 52, na presha ndiyo sababu iliyoongoza. Anayengoja namba za wazee wa Ulaya atawakosa watu wa makamo wa hapa.

Kati ya 300 na mpaka wa umri ni eneo la kijivu, na hapo ultrasaundi ndiyo inayoamua.

Hupanda bila moyo kuwa chanzo kikuu: figo mbovu, maambukizi makali ya damu, donge la damu mapafuni, mapigo yasiyo na mpangilio. Hushuka na kukudanganya kwa watu wanene, kwa maji yaliyojaa ndani ya mfuko wa moyo, na kwa yule aliyejaa mapafu ghafla saa moja iliyopita, kwa sababu moyo haujapata muda wa kutoa kitu chenyewe. Huyu wa mwisho ndiye wa hatari: presha 220, mapovu mdomoni, na kipimo kinasema kidogo. Mtibu unavyomwona.

Kwa upande wa maabara, NT-proBNP ina subira kuliko BNP. BNP inataka chupa ya plastiki yenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande) na ipimwe ndani ya saa 4 hivi kama haijapozwa, wakati NT-proBNP huvumilia siku kadhaa kwenye joto la chumba. Ndiyo maana kwa sampuli inayosafirishwa chagua NT-proBNP. Vipimo vya papo kwa papo hutoa jibu kwa dakika 10 hadi 20, lakini vifaa vyake vina joto la kuhifadhiwa lililoandikwa kwenye boksi, na vingine ni vya friji. Umeme ukikatika usiku kucha kwenye joto la Kaskazi, boksi zima halina tena thamani hata kama tarehe haijapita.

Kwa hospitali ya wilaya yenye fedha za kitu kimoja, tungenunua mashine ndogo ya ultrasaundi na kulipia mafunzo kabla ya kujaza kabati vipimo vya NT-proBNP. Mashine itatumika pia kwa wajawazito, ajali na tumbo. Vipimo vikikosa wagonjwa miezi kadhaa, vitatupwa.

Troponini

Ipime ukishuku mshtuko wa moyo. Ukimpima kila anayehema utapata chanya nyingi, maana moyo ulioshindwa wenyewe huvujisha troponini. Namba moja haitoshi. Rudia kwa muda ambao kipimo chako kinataka, kwa kawaida saa 1 hadi 3 kwa vile vyenye unyeti mkubwa na saa 6 kwa vya zamani, uone kama inapanda. Na ECG yenye mshtuko wa wazi haingojei troponini.

Damu za kawaida na mkojo

Hemoglobini, sukari, kreatinini, sodiamu na potasiamu zichukuliwe kwa kila mgonjwa wakati wa kuweka kanula. Hemoglobini ya 4 inaweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe, na kuongeza damu haraka haraka kwa moyo uliojaa maji kunaua. Potasiamu ijulikane kabla furosemidi haijaishusha zaidi.

Kijiti cha mkojo kinadharauliwa. Kwa mjamzito, au mama aliye ndani ya arobaini, protini pamoja na presha ya juu huelekeza kwenye kifafa cha mimba kinachokaribia. Mama huyo huyo akihema bila presha, fikiria moyo uliotanuka kwa uzazi, ambao hujitokeza mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 ya kwanza baada ya kujifungua. Mara nyingi huambiwa ni baridi au uchovu wa kunyonyesha. ECG na proba kifuani kwake viwe mapema.

Eko: ya haraka au ya kungoja?

Eko kamili ya mtaalamu, kwa mgonjwa aliyetulia, ndani ya saa 48 inatosha. Isubiriwe bila wasiwasi. Inakuwa ya dakika hiyo pale namba ya juu ya presha iko chini ya 90 na mikono ni baridi, pale kuna mngurumo mpya wa moyo, au unaposhuku maji kwenye mfuko wa moyo.

Asiye mtaalamu ajiulize maswali manne tu. Kuna maji kuzunguka moyo? Upande wa kushoto unakaza vizuri au umelegea? Upande wa kulia umevimba kuliko wa kushoto? Mshipa mkuu wa chini una zaidi ya sentimita 2.1 na haupungui hata nusu mgonjwa akivuta pumzi puani? La kwanza hubadili matibabu papo hapo: moyo uliobanwa na maji ukipewa furosemidi nyingi, presha huanguka, na kinachotakiwa ni kuyatoa.

Mtego mmoja hapa: msichana wa miaka 25, mapafu yamejaa, upande wa kushoto unakaza vizuri kabisa. Usiseme moyo ni mzima. Vali ya kushoto iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni hufanya hivyo hasa, na mapigo yakikimbia hali huwa mbaya zaidi.

Ukiwa Pemba na unafikiria kuvusha

Kipimo kinachobadili uamuzi wa safari ni ECG na eko fupi. Mshtuko wa moyo, moyo kwenda taratibu kwa kukatika umeme wake, maji kwenye mfuko wa moyo, vali mbovu na presha imeanguka: hawa piga simu mapema, hospitali ya Abdalla Mzee kwanza, kisha Mnazi Mmoja, na wao watasema kama ni wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. NT-proBNP ya 6,000 kwa mtu anayekojoa vizuri na kupata pumzi haitoshi kumpandisha boti.

Anayevuka asilazwe chali botini. Oksijeni ihesabiwe: mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1,000 hivi, kwa lita 5 kwa dakika ni dakika 200, ukijumlisha gari, gati na bahari iliyochafuka. Barua iwe na saa ya furosemidi na kiasi, mkojo uliotoka tangu hapo (chini ya mililita 100 kwa saa katika saa 6 za mwanzo ni habari mbaya), idadi ya sehemu zenye mistari B na saa zilipopimwa, na kizio cha kila namba. ECG asilia iende na mgonjwa, lakini ipigwe picha kwa simu kwanza, kwa kuwa karatasi ile ikikaa kwenye jua au ikishikana na plastiki huweza kufika imefifia.